Sindano ya kwanza iwe ya kumtafuta mdudu

Mgongo unaouma wiki baada ya wiki, usiopoa hata mtu akilala, na unaozidi usiku wenzake wakiwa wamesinzia, haustahili antibiotiki kabla ya kuchunguzwa. Najua kauli hiyo itawaudhi baadhi ya madaktari wenzangu, na wagonjwa wengi zaidi, kwa kuwa tumezoeshana kwamba anayefika na homa na maumivu hatoki bila kuchomwa kitu. Lakini bakteria akishaingia kwenye pingili za mgongo, sindano ya harakaharaka mara nyingi ndiyo inayomponza mgonjwa. Hushusha homa, hupunguza maumivu kwa siku chache, huwaua wadudu waliomo kwenye damu ambao maabara ingeweza kuwaotesha, na kuwaacha salama wale waliojichimbia mfupani. Mgonjwa hurudi mwezi wa pili akiwa na hali mbaya kuliko mwanzo, na vipimo havioni chochote. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba matibabu ya mgongo ulioambukizwa yaanze na sindano ya kuchukua, ndipo ifuate sindano ya kutia. Ni dharura tu inayopindua utaratibu huo, na nitaieleza.

Kwanza niwatoe hofu wasomaji wenye migongo inayouma, yaani karibu sote. Maambukizi haya ni nadra. Wagonjwa wengi mno wa mgongo wana misuli iliyovutika, diski iliyochakaa au viungo vilivyozeeka, na wengi hupona baada ya wiki chache bila hata kupigwa picha. Wala sizungumzii homa ya uti wa mgongo, ile inayoshambulia utando wa ubongo na inayoweza kuua kwa siku moja au mbili. Nazungumzia maambukizi ya mfupa na diski yenyewe, ambayo huja kwa mwendo wa taratibu na kwa sababu hiyo hupuuzwa. Mgonjwa wa aina hii hufika kliniki na mfuko wa plastiki. Ndani mna majibu ya malaria matatu au manne, majibu ya taifodi, eksirei iliyoandikwa "mabadiliko ya umri", vikaratasi vya diklofenaki kutoka maduka ya dawa, na orodha ya seftriaksoni aliyochomwa siku tano hapa na siku saba pale. Mkanda wa kiunoni keshavaa. Wengine wamechuliwa mpaka ngozi imebabuka. Katika makaratasi yote hayo hakuna hata moja linalotaja jina la mdudu.

Ili kuelewa kwa nini jina hilo lina uzito, lazima tuangalie jinsi mgongo unavyolishwa. Diski ya mtu mzima, ile gegedu inayokaa kati ya pingili na pingili, haina mishipa yake ya damu. Hula kwa kunyonya kutoka kwenye mfupa wa juu yake na wa chini yake. Pingili zenyewe zina damu tele, na ateri moja hugawanyika ikalisha kingo za pingili mbili zinazopakana. Bakteria aliyeponyoka kutoka kwenye jipu la ngozi, mkojo wenye maambukizi, mpira wa kusafishia damu wa mgonjwa wa figo au valvu mbovu ya moyo husafiri na damu hadi kwenye vimishipa hivyo vya ukingoni, mahali ambapo mwendo wa damu hupungua, akakwama. Mwaka 1940 mwanaanatomia wa Marekani, Oscar Batson, alieleza njia nyingine: mtandao wa vena za mgongo usio na valvu, ambamo damu ya nyonga inaweza kurudi nyuma mtu akikohoa au akijikamua. Wataalamu bado wanabishana njia hiyo ina uzito gani, ila maambukizi ya kibofu na tezi dume kuishia kiunoni ni jambo tunaloliona.

Kutoka ukingoni mdudu hupenya ndani ya diski, na humo hakuna damu. Pasipo damu chembe nyeupe hazifiki kwa wingi, na dawa hufika kwa shida. Ndiyo sababu dozi ya siku saba inayotosha nimonia haitoshi hapa. Alama anayoiacha kwenye picha inatokana na ramani hiyohiyo ya damu: nafasi ya diski imesinyaa na kingo mbili zinazotazamana zimelika. Saratani iliyosambaa kwa kawaida hula pingili na kuiacha diski. Daktari anayeona pingili mbili zimelika na diski imetoweka katikati yake afikirie bakteria kwanza. Shida ni kwamba eksirei huchelewa. Mfupa sharti upoteze madini mengi ndipo doa lionekane, na wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, zinaweza kupita picha ikiwa safi kabisa. MRI huona maji na uvimbe mapema sana, na kwa ugonjwa huu haina mpinzani. Kwa hiyo eksirei safi ya wiki ya pili haimwondolei mtu shaka.

Duniani kote anayeongoza kwa kushambulia pingili ni stafilokokasi aureasi, yule wa majipu. Huyu ana haraka: huyeyusha diski kwa wiki chache, na mgonjwa hujua siku aliyoanza kuumwa. Wapo bakteria wa mkojo kwa wazee, na streptokokasi wanaotoka kwenye moyo. Anayepatikana na streptokokasi mgongoni achunguzwe moyo hata kama hana dalili ya moyo. Kwetu yupo na salmonela, ambaye huwaandama wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na watoto hao huumwa mgongo mara kwa mara kwa sababu ya selimundu yenyewe. Basi maumivu ya maambukizi hupewa jina la shambulio la kawaida, maji na dawa za maumivu vinaendelea, na siku zinapita. Mtoto mwenye selimundu ambaye maumivu yake yameganda sehemu moja ya mgongo kwa zaidi ya wiki moja, huku homa ikigoma kushuka, aoteshwe damu.

Wa pili ni TB. Percivall Pott, daktari mpasuaji wa London, aliandika mwaka 1779 juu ya wagonjwa wenye kibiongo waliopooza miguu, na ugonjwa ukachukua jina lake. Kisababishi kilisubiri hadi Robert Koch alipomtangaza mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882. Karibu nusu ya TB zote za mifupa huwa kwenye mgongo. Mdudu huyu hutafuna kama mchwa. Hana vimeng'enya vya kuyeyusha diski haraka, kwa hiyo hupenya sehemu ya mbele ya pingili, akatambaa chini ya ligamenti kwenda pingili ya pili na ya tatu, na diski ikabaki nusu nzima kwa muda mrefu. Mbele ya pingili ikiporomoka, mgongo unapinda na kibiongo kinatokea. Usaha wake hauna moto wala wekundu. Tunauita jipu baridi. Unaweza kushuka kwa kufuata msuli mkubwa wa nyuma ya tumbo mpaka ukajitokeza kinenani, na hapo mgonjwa huandikiwa kupasuliwa ngiri, au hutumbuliwa kama mwenye jipu la kawaida na kubaki na kidonda kinachotiririka miezi. Uvimbe wa kinenani usio na maumivu, kwa mtu mwenye mgongo unaouma, upigwe ultrasaundi kabla mtu hajagusa kisu.

Wa tatu ni brusela, na huyu ndiye ninayetaka kumkalia zaidi, kwa sababu anaishi na mifugo yetu na ndiye anayetuhadaa kuliko wote. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimtambua Malta mwaka 1887. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, Mmalta, akaonyesha kwamba anatoka kwa mbuzi, na watu walikuwa wakimnywa kwenye maziwa. Hupenda pingili za chini za kiuno. Humpata anayekunywa maziwa mabichi, anayezalisha ng'ombe au mbuzi na kuvuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na mchinjaji wa machinjioni. Kugandisha maziwa si kinga ya kutegemea. Kuyachemsha ndiyo kinga. Homa yake huja na kuondoka, mtu hutoka jasho usiku, viungo vinauma, anakonda, na yeyote anayesoma orodha hiyo ataona kwamba ni ya TB neno kwa neno.

Hapo ndipo mtego ulipo. Rifampisini ni dawa ya TB na ni dawa ya brusela pia. Mgonjwa wa brusela aliyeandikiwa dawa za TB kwa kukisia atapata nafuu ya kweli mwezi wa kwanza, atanenepa kidogo, na daktari ataandika kwenye faili kwamba utambuzi ulikuwa sahihi. Kumbe amepewa dawa moja ya ugonjwa wake pamoja na tatu za ugonjwa asio nao. Maumivu yanarudi, na sasa anashukiwa kuwa na TB sugu. Upande wa pili ni hatari zaidi: mwenye TB akitibiwa brusela kwa doksisaiklini na rifampisini, mdudu wa TB anakutana na rifampisini peke yake, bila wenzake watatu wa kumzuia, na kujenga usugu dhidi ya dawa iliyo nguzo ya matibabu yote ya TB. Kujibu dawa, kwa hiyo, si kipimo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa "tumjaribu na dawa tuone" ndiyo tiba inayotolewa zaidi, na kwenye mgongo haitufundishi kitu.

Wenzangu wa Kenya watasema wao brusela wanaipima kila siku. Ni kweli, na hilo nalo lina kasoro. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka cha brusela kilichokuwa kikitumika sana katika vituo vya afya vya Kenya kilitoa majibu chanya mengi ya uongo. Watu wengi wenye uchovu tu wakameza dawa za brusela, na neno lenyewe likapoteza uzito kiasi kwamba mwenye brusela ya kweli kiunoni haaminiki. Kwetu Tanzania kosa limekuwa malaria. Watafiti waliofuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, walikuta 528 wameandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Mambo yamebadilika tangu kipimo cha haraka cha malaria kienee, lakini tabia ya kuitafutia homa jina la karibu haijaondoka. Siku hizi jina hilo ni taifodi au UTI.

Kuna dhana nyingine zinazochelewesha watu. Ya kwanza ni kwamba pasipo homa hakuna maambukizi. Wagonjwa wengi wa mgongo hufika bila homa, hasa waliokwishameza dawa za maumivu, ambazo hushusha homa pia. Hata hesabu ya chembe nyeupe inaweza kuwa ya kawaida. Vipimo viwili vya bei nafuu, ESR na CRP, husaidia zaidi, na ESR hupimwa hata kwenye kituo cha afya. Ikiwa juu sana kwa mtu mwenye maumivu ya usiku, mwulize zaidi kabla hujamwandikia mkanda. Ya pili ni kwamba makohozi safi yanaondoa TB. Makohozi yanaeleza habari za mapafu, na wengi wenye TB ya mgongo hawakohoi kabisa. Ya tatu ni kwamba mgonjwa lazima alale kitandani miezi. Dawa za TB zilipokuja, daktari aitwaye Konstam alitibu wagonjwa Ibadan, Nigeria, wakiwa wanatembea, wengi wakapona. Majaribio yaliyofuata ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yakiwemo ya Korea, yakathibitisha kwamba kumlaza mtu miezi sita au kumfunga plasta ya kiwiliwili hakukuongeza kitu juu ya dawa nzuri.

Dhana ya nne ndiyo inayokera: kwamba sindano ya mgongoni hupoozesha. Wanaoieneza hawajaona inavyofanyika. Mgonjwa hulala kifudifudi ndani ya mashine ya CT. Daktari hupima njia kwenye picha, hutia ganzi ngozi na msuli, kisha husukuma sindano nene kidogo kutoka ubavuni mwa mstari wa kati, akiisimamisha kila hatua na kupiga picha mpya, mpaka ncha iguse kona ya pingili iliyolika. Anatoa kipande kirefu kiasi cha punje ya mchele, na usaha kama upo. Mgonjwa yu macho, na mara nyingi huondoka siku hiyohiyo au kesho yake. Ugwe wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo, ambako brusela na stafilokokasi hupenda kukaa, ugwe haupo. Kila tendo la tiba lina hatari yake, na hili linayo, ila ni ndogo mno ikilinganishwa na kuacha pingili ziporomoke.

Kazi kubwa huharibika baada ya sindano, mezani. Kipande chote hudumbukizwa kwenye chupa ya fomalini, kwa mazoea, kikapelekwa kwa mtaalamu wa kuangalia tishu kwa hadubini. Fomalini huua kila bakteria. Majibu hurudi yakisema "uvimbe wa muda mrefu", na hakuna cha kuotesha. Inatakiwa chupa mbili: moja ya fomalini kwa ajili ya hadubini, nyingine kavu au yenye maji safi ya chumvi kwa ajili ya kuotesha na kwa mashine ya GeneXpert, ambayo kwa saa mbili hivi hueleza kama kuna TB na kama inasikia rifampisini. Maabara iambiwe kwa maandishi kwamba brusela anashukiwa, kwa sababu hukua polepole na huwaambukiza wafanyakazi wa maabara wasiojikinga. Na kabla ya yote hayo, damu ioteshwe, chupa mbili au tatu kutoka mishipa tofauti, kabla ya dozi ya kwanza. Damu ikiotesha stafilokokasi, sindano ya mgongoni huenda isihitajike.

Mwongozo wa chama cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza, wa mwaka 2015, unasema wazi kwamba mgonjwa ambaye miguu yake ina nguvu na presha yake imetulia asubirishwe antibiotiki hadi mdudu ajulikane. Baada ya hapo kila mdudu ana kalenda yake. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka huohuo lililinganisha wiki 6 za dawa na wiki 12 kwa bakteria wa usaha kama stafilokokasi, na waliopona walikuwa asilimia 90.9 kila upande. Wiki 6 zinatosha wengi. Brusela ni miezi mitatu, ya dawa mbili au zaidi kwa pamoja. TB ya mgongo, kwa utaratibu wa Tanzania na Kenya, ni miezi 12, bure kwenye kliniki za TB. Na si lazima dawa ziwe za mshipani muda wote: jaribio la Uingereza la mwaka 2019, lenye washiriki 1,054 wa maambukizi ya mifupa na viungo, lilionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuzidiwa na sindano. Kwa familia inayolipia kitanda kwa siku, hiyo ni habari kubwa. Lakini huwezi kuchagua kidonge vizuri kwa mdudu usiyemjua.

Upasuaji una nafasi yake, nayo ni finyu: jipu linalobana ugwe, pingili zinazoteleza, kibiongo kinachoongezeka kwa mtoto, au dawa sahihi iliyoshindwa. Wanaoamini kwamba aliyepasuliwa mgongo hatembei tena huwa wamewaona waliopelekwa wakiwa wameshapooza. Hapa ndipo penye ile dharura. Miguu ikianza kulegea, ganzi ikiingia sehemu za siri na mapajani, au mkojo ukigoma kutoka, usaha umebana ugwe. Mgonjwa huyo, sawa na yule ambaye presha inashuka kwa sumu ya maambukizi, damu yake ichukuliwe papo hapo na antibiotiki ianze bila kungoja majibu, huku chumba cha upasuaji kikiandaliwa. Aliyepooza kabisa kwa zaidi ya siku moja au moja na nusu kwa jipu la usaha, nafasi yake ya kutembea tena ni ndogo sana. TB husamehe zaidi, nayo isijaribiwe.

Ninachokidai kwa wenye mamlaka si mashine mpya. MRI zimeongezeka, GeneXpert zipo hadi wilayani. Nadai chupa za kuoteshea damu zisikosekane stoo, hospitali za rufaa za mikoa ziwe na angalau mtu mmoja aliyefundishwa kuchukua kinyama cha pingili, na daktari wa mifugo apigiwe simu brusela anapothibitishwa kwa mtu, maana zizi alilotoka bado lina ng'ombe na watoto wanaokunywa maziwa.

Nawe msomaji, kama mgongo umekuuma zaidi ya wiki nne, unakuamsha usiku na unakonda, mweleze daktari mambo ambayo huenda asikuulize: maziwa unayokunywa, mifugo uliyoishika, jipu au mpira wa mkojo uliopata karibuni, ndugu wa nyumbani mwenye TB, na kila antibiotiki uliyochomwa. Mwulize damu itaoteshwa lini. Na miguu ikianza kulegea usiku wa Jumamosi, usingoje kliniki ya Jumatatu. Nenda hospitali usiku huohuo.